Mtaala na Mwalimu: Masuala ya Msingi katika Ufundishaji wa Kiswahili kama Lugha ya Pili

IKISIRI

Makala haya yanajadili uhusiano uliopo baina ya utayarishaji wa mtaala na maandalizi ya walimu katika ufundishaji wa Kiswahili kwa watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Hoja kuu ni kwamba mtaala wa lugha ya pili hauwezi kupatikana kwa kupunguza au kurahisisha mtaala wa wazawa wa lugha, na kwamba mwalimu aliyeandaliwa kufundisha wazawa anahitaji maandalizi mengine kabla ya kukabidhiwa wanafunzi wa lugha ya pili. Mifano imetolewa kutokana na makosa ya wanafunzi wa asili mbalimbali, hususan wazungumzaji wa Kiganda na wa Kiingereza. Mwishoni yametolewa mapendekezo kuhusu mpangilio wa maudhui, upimaji na mafunzo ya ualimu.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimepata nafasi ambazo wapenzi wake wa zamani walizitamani tu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2018 Afrika ya Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake kuanzia mwaka 2020. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali kukitumia kuwa lugha ya kazi. Mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi kulingana na uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni.

Matamko haya ni ya kutia moyo. Hata hivyo, tamko halifundishi. Baada ya tamko hubaki darasa, na ndani ya darasa hubaki mwalimu, kitabu na wanafunzi. Iwapo wanafunzi hao watamaliza mwaka mzima wakiwa wamekariri majina ya ngeli lakini hawawezi kuuliza njia ya kwenda stesheni, watalihama somo, na nafasi iliyopatikana kwa juhudi za miaka mingi itapotea pasipo mtu yeyote kuifuta rasmi. Hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa kwa makala haya.

Kuna dhana iliyoenea kwamba kila ajuaye Kiswahili anaweza kukifundisha, na kwamba mwenye shahada ya Kiswahili anaweza kukifundisha popote na kwa yeyote. Sehemu ya kwanza ya dhana hii hukanushwa kwa urahisi, kwani hakuna anayedai kwamba kila mwenye moyo unaodunda ni daktari wa moyo. Sehemu ya pili ndiyo ngumu zaidi, maana mwenye shahada ana ujuzi wa kweli. Tatizo ni kwamba ujuzi huo uliandaliwa kwa ajili ya kazi nyingine.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Lugha ya kwanza ni ile ambayo mtoto huipata nyumbani pasipo kufundishwa rasmi. Lugha ya pili ni lugha anayojifunza mtu baada ya kuimudu ya kwanza, hasa pale ambapo lugha hiyo inatumika katika jamii inayomzunguka. Lugha ya kigeni ni ile isiyotumika katika mazingira ya mwanafunzi. Kwa maana hiyo, Kiswahili ni lugha ya pili kwa mwanafunzi wa Kampala na ni lugha ya kigeni kwa mwanafunzi wa Berlin. Katika makala haya istilahi ya 'lugha ya pili' itatumika kujumuisha hali zote mbili, isipokuwa pale ambapo tofauti yake ina umuhimu.

Istilahi za mtaala na muhtasari nazo huchanganywa mara kwa mara. Muhtasari ni orodha ya mada zinazofundishwa na mpangilio wake. Mtaala ni mpango mzima: malengo, maudhui, mbinu, vifaa, muda, upimaji na tathmini ya mpango wenyewe. Tyler, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alipendekeza kwamba mtayarishaji wa mtaala ajiulize maswali manne: shule inakusudia kufikia malengo gani, ni uzoefu gani wa kujifunza utakaoyafikisha malengo hayo, uzoefu huo upangwe vipi, na tutajuaje kwamba malengo yamefikiwa. Maswali haya ni ya zamani, lakini mihtasari mingi ya Kiswahili kwa wageni hulijibu swali la tatu peke yake, yaani mpangilio, na kuyaacha mengine yajijibu yenyewe.

3.0 Mtaala Uanzie Wapi?

3.1 Mwanafunzi na Lugha yake ya Kwanza

Mtaala wa wazawa unaweza kuchukulia kwamba mwanafunzi tayari anasema 'kitabu changu' na 'watoto wangu'. Kazi ya shule ni kumpa majina ya anachokijua, kumfikisha kwenye lugha sanifu na kumfungulia mlango wa fasihi. Mtaala wa lugha ya pili hauna haki ya kuchukulia hivyo. Zaidi ya hayo, hauwezi kuchukulia kwamba wanafunzi wote wa lugha ya pili wako sawa. Hebu tuangalie mfano ufuatao:

(1) (a) *Mbwa hii imekula nyama.
    (b) Mbwa huyu amekula nyama.

Kosa la (1a) hufanywa na mwanafunzi anayezungumza Kiganda na pia na yule anayezungumza Kiingereza. Mwalimu anayesahihisha madaftari ataweka alama ileile nyekundu katika yote mawili. Lakini chanzo cha kosa si kimoja. Mganda ana ngeli katika lugha yake. Husema omuntu na abantu kama sisi tusemavyo mtu na watu. Husema ekitabo na ebitabo kama tusemavyo kitabu na vitabu. Upatanisho wa kisarufi kwake ni jambo la kawaida kama kupumua. Anapokosea ni kwa sababu Kiganda hupatanisha neno embwa kwa kufuata umbo lake, hivyo husemwa embwa eno, kwa kiambishi kilekile kinachotumika kwa nyumba, ennyumba eno. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, huacha umbo na kufuata uhai. Mwanafunzi huyu anahitaji kanuni moja tu: kwamba viumbe hai, hata vikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa A-WA. Kipindi kimoja na mazoezi ya wiki moja vyaweza kutosha.

Mzungumzaji wa Kiingereza hali yake ni tofauti. Lugha yake haina kabisa mfumo wa namna hii. Kwake yeye, kwamba kivumishi, kionyeshi na kitenzi vyote vibadilike kwa sababu ya nomino ni jambo geni tangu mwanzo. Huenda aliandika *mbwa hii kwa kuwa kitabu chake kimeliweka neno mbwa katika orodha ya ngeli ya N. Kumpa kanuni ya uhai kabla hajauzoea upatanisho wenyewe ni kumwongezea mzigo.

Katika matamshi mambo hugeuka. Katika Kiganda sauti [r] na [l] hazitofautishi maana. [R] hutokea baada ya irabu e na i, na [l] hutokea kwingineko. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Kiganda anaweza kusema kwamba raia wamekwenda kupiga *kula, au kuchanganya kalamu na karamu. Mzungumzaji wa Kiingereza hana tatizo hilo, lakini hutatizwa na ng' mwanzoni mwa neno, kama katika ng'ombe, ingawa sauti yenyewe anayo mwishoni mwa maneno ya lugha yake.

Lado (1957) alishauri kwamba lugha ya mwanafunzi na ile anayojifunza zilinganishwe ili kubashiri matatizo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba si kila tofauti huleta kosa, na si kila kosa hutokana na tofauti. Hata hivyo, ulinganishi unabaki kuwa chombo chenye manufaa kwa mtayarishaji wa mtaala. Kutokana na mifano iliyotolewa hapo juu, ni dhahiri kwamba kitabu kimoja cha 'Kiswahili kwa Wageni' hakiwezi kuwatosheleza mwanafunzi wa Kampala, wa Johannesburg na wa Chicago. Wa Kampala na wa Johannesburg wanaojua lugha za Kibantu wanaweza kuvuka sura kadhaa za mwanzo kwa kasi ambayo itamwacha wa Chicago nyuma. Wakilazimishwa kwenda polepole, watachoshwa na kuondoka.

3.2 Malengo na Muda

Hymes (1972) alitukumbusha kwamba kuijua lugha si kuzalisha sentensi sahihi tu. Ni kujua pia sentensi ipi inafaa kwa nani, wapi na lini. Umilisi huu wa kimawasiliano ndio unaopaswa kuongoza malengo. Badala ya kuandika 'mwanafunzi aelewe ngeli ya KI-VI', lengo liandikwe kwa namna inayoonekana: 'mwanafunzi aweze kununua vitu vitatu sokoni, aulize bei na aombe apunguziwe'. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa viwango sita, kuanzia A1 hadi C2, unaoeleza umilisi kwa misingi ya mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya. Mfumo huo haukutungwa kwa ajili ya lugha zetu na haupaswi kunakiliwa mzimamzima. Namna yake ya kuandika malengo, hata hivyo, inafaa kuigwa.

Malengo yakishaandikwa, yapimwe kwa saa zilizopo. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji takribani wiki 36 za masomo ya kutwa, yaani kati ya saa 800 na 900 za darasani, ili aweze kukitumia Kiswahili kikazi. Sasa tuchukue chuo kikuu chenye saa 5 za Kiswahili kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka. Hizo ni saa 150. Mwanafunzi atakayesoma miaka miwili atakuwa na saa 300, ambazo ni kama theluthi moja tu ya kadirio hilo. Tuchukue pia shule ya sekondari yenye vipindi 3 vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki 36: hizo ni saa 72 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni saa 288. Muhtasari unaoahidi kwamba mwanafunzi wa saa 288 atachambua riwaya, atatunga insha za kihoja na kueleza historia ya usanifishaji wa lugha ni muhtasari uliotungwa na mtu ambaye hakupiga hesabu. Afadhali kuahidi machache na kuyatimiza.

3.3 Mpangilio wa Maudhui

Vitabu vya kuwafundisha wageni Kiswahili vina historia ndefu. Kile cha Edward Steere kilitoka mwaka 1870, na sarufi ya E. O. Ashton mwaka 1944. Kazi hizi zilikuwa na mchango mkubwa katika kuieleza lugha, na heshima yake ibaki palepale. Lakini zilirithisha mazoea ya kuzifundisha ngeli moja baada ya nyingine, kila moja na sura yake. Mazoea haya yanafaa katika kitabu cha marejeo, ambamo msomaji hutafuta anachokitaka. Darasani huleta taabu. Maneno ambayo mwanafunzi anayahitaji siku ya kwanza, kama vile habari, kazi, nyumba, chai, simu, shule, safari na saa, yote yamo katika ngeli ya N, ambayo kwa desturi huachwa mpaka baadaye kwa kuwa maumbo yake hayabadiliki na hivyo huonekana kuwa ngumu kueleza.

Salamu ya kawaida kabisa, Habari za nyumbani?, ina nomino ya ngeli ya N katika wingi, ina kihusishi kilichopatanishwa nayo, na ina kiambishi cha mahali. Kama tungefuata mpangilio wa ngeli kwa uaminifu, mwanafunzi asingeruhusiwa kumsalimu mtu hadi mwezi wa tatu. Kwa kweli kila mwalimu humfundisha salamu hii siku ya kwanza, kama fungu zima lisilochambuliwa. Ninachopendekeza ni kwamba jambo hili lifanywe kwa makusudi na liwe kanuni ya mtaala: matumizi kwanza, uchambuzi baadaye, na kila umbo lirudiwe katika mizunguko inayopanuka.

Kwa mfano, mzunguko wa kwanza unaweza kuhusu kujitambulisha. Humo mwanafunzi atatumia viambishi vya nafsi ni-, u- na a- pamoja na -na-, na atasema jina langu, nyumba yangu, mama yangu. Ngeli tatu zimeguswa kwa maneno machache, bila orodha. Mzunguko wa pili unaweza kuhusu ununuzi: hesabu, bei, ndizi hizi, embe hili, maembe haya, vikombe viwili. Hapa ndipo mwalimu atakapomwonyesha mwanafunzi kwamba mabadiliko aliyoyasikia yana utaratibu. Mzunguko wa tatu unaweza kuwa wa kusimulia yaliyotokea, na utaingiza -li-, -me- na ukanushi. Jedwali kamili la ngeli litakuja baada ya hapo, na mwanafunzi atalipokea kama muhtasari wa mambo anayoyajua tayari.

Adabu ya mazungumzo nayo iwe sehemu ya maudhui tangu mwanzo. Mwanafunzi wa Kiingereza hutafuta neno moja la kupamba kila ombi, akalipata neno tafadhali, akalitumia kila mahali: Tafadhali nipe maji. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini mzawa angesema Naomba maji, na ombi lingekuwa limekwisha kuwa na heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Kadhalika shikamoo na marahaba havifundishwi kwa tafsiri. Mwanafunzi aelezwe ni nani humwamkia nani, na kwamba desturi hiyo ina uzito zaidi Tanzania kuliko sehemu nyingine za Afrika Mashariki.

3.4 Upimaji

Mtihani una nguvu kuliko muhtasari, kwa kuwa walimu na wanafunzi hufuata kile kinachopimwa. Ikiwa malengo yanataja mazungumzo na mtihani unasema 'Andika sentensi zifuatazo katika wingi', darasa litaandika sentensi katika wingi mwaka mzima. Hivyo basi, kila mtaala wa lugha ya pili uwe na upimaji wa kusikiliza na kuzungumza, hata kama ni wa dakika 5 kwa kila mwanafunzi, na alama zake zitangazwe mapema. Aidha, vigezo viandikwe: je, ujumbe umefika? Je, upatanisho uliokwisha kufundishwa umezingatiwa? Je, msemaji ametumia lugha inayomfaa msikilizaji wake?

4.0 Maandalizi ya Walimu

Mtaala wa namna iliyoelezwa hapo juu hautekelezeki na mwalimu ambaye hakuandaliwa kwa ajili yake. Shulman (1986) alitofautisha maarifa ya somo lenyewe na maarifa ya jinsi ya kulifanya somo hilo lifundishike, yaani kujua ni wapi wanafunzi hukwama na ni mfano upi huwanasua. Aina hii ya pili ya maarifa ndiyo inayokosekana pale mhitimu wa Kiswahili anapokabidhiwa darasa la wageni. Mapendekezo manne yanafuata.

4.1 Kuiona Lugha kwa Macho ya Mgeni

Mzawa wa lugha huitumia bila kuiona. Tuchukue kiambishi -me-. Mwalimu amefundishwa kwamba huonyesha hali timilifu, na hivyo ndivyo anavyoeleza. Mwanafunzi anauliza: mbona mtu aliyevaa koti sasa hivi husemwa amevaa koti? Kwa nini mtoto aliye usingizini amelala na si *analala? Kwa nini mimi niliyechoka sasa hivi nisiseme *ninachoka? Mwalimu asiyeandaliwa hujibu, 'Ndivyo tunavyosema.' Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii aliyeuliza.

Maelezo yapo. Vitenzi kama kulala, kuchoka, kuvaa, kukaa, kusimama, kuiva na kujaa hutaja kuingia katika hali fulani. Kiambishi -me- huonyesha kwamba kuingia huko kumekwisha na matokeo yake yanaendelea. Amelala, maana yake ni kwamba ameingia katika usingizi na bado yumo. Analala hueleweka zaidi kwamba ndiyo kwanza anakwenda kulala, au kwamba ni desturi yake kulala mahali fulani. Maelezo ya mistari mitatu namna hii, pamoja na picha ya mtu anayevaa koti na nyingine ya mtu aliyekwisha kulivaa, humwokoa mwanafunzi na miezi ya kubahatisha. Kozi ya isimu kwa walimu wa lugha ya pili ijengwe juu ya maswali ya aina hii, kuliko kurudia nadharia za sarufi zilizokwisha kufundishwa katika shahada.

4.2 Kuyasoma Makosa

Corder (1967) alidai kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga. Selinker (1972) aliuita mfumo huo lughakati: si lugha ya kwanza ya mwanafunzi, wala bado si lugha anayojifunza. Tazama mifano ifuatayo:

(2) (a) Rafiki zangu wamefika.
    (b) *Walimu zangu wamefika.
(3) *Nilikwenda sokoni kwa kununua ndizi.

Aliyeandika (2b) hakukosa kujifunza. Amesikia rafiki zangu, ndugu zangu na dada zangu, akahitimisha kwamba watu walio wengi wa msemaji huchukua zangu. Hitimisho lake lina mantiki, ila amelipanua kupita mipaka. Kosa la (3) ni la aina nyingine; mwandishi ametafsiri kihusishi cha lugha yake ilhali kitenzi-jina kununua hakikihitaji. La kwanza linaonyesha maendeleo. La pili linaonyesha utegemezi. Mwalimu anayeyapa yote mawili adhabu moja anapoteza taarifa muhimu. Kwa hiyo, kila mwalimu-mwanafunzi akusanye makosa ya wanafunzi halisi, ayaainishe kwa chanzo chake, na aandae zoezi la kushughulikia aina moja ya kosa.

4.3 Kujifunza Lugha Mpya

Mwalimu ambaye alijifunza lugha ya pili akiwa mtoto amesahau jinsi ilivyo kukaa darasani pasipo kuelewa. Inapendekezwa kwamba kila kozi ya ualimu wa lugha ya pili iwe na saa zisizopungua 20 ambazo walimu watarajiwa watafundishwa lugha wasiyoijua kabisa, na kuandika kila siku ni nini kiliwasaidia na ni nini kiliwapoteza. Nchi yetu ina zaidi ya lugha 120, hivyo hakuna chuo kitakachokosa mwalimu wa kulifanya zoezi hili. Atakayejaribu kufuata maelekezo ya Kimasai kwa wiki mbili hatakuwa na haraka ya kumwita mwanafunzi wake mvivu.

4.4 Mazoezi ya Kufundisha

Mazoezi ya kufundisha ya mwalimu wa wageni yafanyike kwa wageni. Miji yetu mikubwa ina wanafunzi wa kutosha: wafanyakazi wa balozi, watafiti, watu wa kujitolea, na wafanyabiashara kutoka nchi za jirani. Zanzibar ilikwisha kuonyesha njia ilipoanzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwaka 1978, na madarasa ya wageni yaliyopo katika vyuo vyetu yanaweza kuwa mahali pa kujifunzia ualimu, kama hospitali za mafunzo zilivyo kwa madaktari. Mwalimu mtarajiwa aanze kwa kutazama, aendelee kwa kufundisha vipindi vifupi vya dakika 10 au 15 mbele ya wenzake, kisha akabidhiwe darasa chini ya msimamizi. Jambo moja lipimwe kwa ukali: ni kiasi gani cha kipindi amezungumza mwalimu, na ni kiasi gani wamezungumza wanafunzi. Swain (1985), akiwachunguza watoto wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa, alionyesha kwamba kusikia lugha kwa miaka mingi huleta uelewa mzuri, lakini hakutoshi kuleta usahihi katika kusema. Mwanafunzi hana budi kusukumwa aseme.

5.0 Suala Hili Nyumbani

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mjadala huu unawahusu wageni peke yao. Watoto wengi wa vijijini nchini Tanzania huanza shule wakiwa na Kisukuma, Kigogo, Kimasai au lugha nyingine iliyo ya nyumbani kwao. Kwao Kiswahili ni lugha ya pili kwa maana kamili ya istilahi hiyo, ila kitabu wanachopewa kinawachukulia kuwa wazawa. Mtoto wa namna hii anapochelewa kusoma, mara nyingi husemwa kuwa ni mzito. Yamkini si mzito; anafundishwa kusoma lugha ambayo bado hajafundishwa kuisema. Mwalimu wa darasa la kwanza aliyeelezwa tofauti kati ya kufundisha kusoma na kufundisha lugha ya pili angempa mtoto huyo majuma ya kusikiliza na kuzungumza kwanza, kwa nyimbo, hadithi na michezo ya maelekezo. Kwa hiyo mafunzo yanayopendekezwa katika makala haya hayapaswi kutengwa kwa ajili ya wachache wanaotarajia kwenda ng'ambo. Yaingizwe, angalau kwa muhtasari, katika vyuo vyote vya ualimu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtaala wa lugha ya pili huanzia kwa mwanafunzi: lugha aliyonayo, jambo analotaka kulifanya kwa Kiswahili, na saa alizonazo. Yameonyesha pia kwamba mtaala wa namna hiyo unahitaji mwalimu anayeweza kuiangalia lugha yake kama anavyoiangalia mgeni, na anayeyasoma makosa kabla ya kuyasahihisha. Mambo haya mawili hayatenganiki. Mtaala mzuri mikononi mwa mwalimu asiyeandaliwa hugeuka kuwa orodha ya ngeli. Mwalimu mzuri aliyepewa muhtasari mbovu hutumia nguvu zake kupigana nao.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba taasisi zinazotayarisha mitaala na zile zinazoandaa walimu zikae pamoja tangu hatua ya kwanza. Kwamba vitabu vya lugha ya pili viandikwe kwa kuzingatia makundi ya wanafunzi kulingana na lugha zao. Na kwamba idara za Kiswahili za vyuo vikuu zianze kukusanya makosa ya wanafunzi wao kwa utaratibu, ili watayarishaji wa mitaala wawe na data ya kutegemea. Milango ya Kampala, Kigali na Pretoria imefunguliwa. Tutakaowapeleka huko wawe watu wanaojua kumfundisha mtu asiyejua Kiswahili, na kazi hiyo ianzie katika madarasa yetu wenyewe.